Moyo wa samaki wa kale si moyo duni

Katika miaka niliyofundisha Baiolojia kuna neno moja nililolitumia ovyo, nami leo ningependa kulikana hadharani. Neno lenyewe ni "duni". Kila tulipofika kwenye somo la usafirishaji wa damu katika wanyama, nilichora ubaoni moyo wa samaki wenye vyumba viwili, kisha wa chura wenye vitatu, halafu wa binadamu wenye vinne, nikawaambia wanafunzi kwamba tunapanda ngazi kutoka kwa viumbe duni hadi viumbe bora. Mchoro ulikuwa safi, wanafunzi waliunakili, na mtihani ulipowadia walipata alama zao. Hakuna aliyeniuliza ngazi hiyo ilijengwa na nani.

Isipokuwa mmoja. Ilikuwa mwaka 1994, katika shule moja ya wasichana mkoani Nyanza, alasiri yenye joto kali. Binti mmoja wa kidato cha pili, mkimya wa kawaida, aliinua mkono. Alikuwa amekuta katika kitabu kikuukuu cha maktaba habari za samaki asiye na taya ambaye moyo wake haufikiwi na neva hata moja. "Mwalimu," akaniuliza, "ikiwa hakuna neva ya kuupasha habari, moyo huo hujuaje kwamba damu imeongezeka, na kwamba sasa hauna budi kupiga kwa nguvu zaidi?" Nilimwambia kwamba hayo hayamo katika silabasi na hayatatahiniwa. Darasa likacheka kidogo, binti akaketi, nasi tukaendelea na ngazi yetu. Kusema kweli, silabasi niliifanya ngao. Jibu sikuwa nalo.

Samaki aliyemtaja ni hagifishi. Kwa kuwa hana jina la Kiswahili lililozoeleka, basi na tumwite hivyo. Ukimwona utadhani ni mkunga mwembamba: mwili mrefu usio na magamba, mdomo usio na taya, na macho hafifu yasiyoona mengi. Hukaa kwenye matope ya sakafu ya bahari, akila minyoo na mizoga ya samaki na nyangumi, na akishikwa hutoa ute mwingi ajabu wa kumziba adui matamvua. Ukoo wake ulitengana na ule uliozaa samaki wenye taya zamani za zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

Ndani ya mwili huo wa kudharauliwa mna mambo. Mna moyo mkuu karibu na matamvua, na mna moyo mwingine mdogo wa kusukuma damu kuelekea kwenye ini, ambao hupiga kwa mwendo wake wenyewe bila kuufuata ule mkuu. Fauka ya hiyo, kuna pampu nyingine ndogo kichwani na mkiani zinazoendeshwa na misuli ya kawaida ya mwili. Damu yake ni nyingi kuliko ya samaki wengine. Ni kama sehemu moja kwa sita ya uzito wake, hali damu yetu sisi binadamu ni takribani asilimia 7 ya uzito wetu. Lakini shinikizo la damu hiyo ni dogo mno. Daktari akimpima mtu mzima mwenye afya hupata kama 120 kwa 80, yaani milimita za zebaki. Katika mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo wa hagifishi kipimo hicho ni kama 10 tu. Miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo, kundi ambalo wanasayansi humtia ingawa uti wake haujakamilika, hakuna anayejulikana kuwa na shinikizo la chini zaidi.

Mnamo 1902 Mmarekani Charles Wilson Greene alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya hagifishi wa pwani ya California. Aliisisimua kwa umeme neva ya vagasi, ambayo kwetu sisi huupunguza moyo mwendo. Moyo wa hagifishi haukujali. Haukuharakisha wala haukupunguza. Greene akakata shauri kwamba moyo huo hauna neva za kuutawala. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani mwingine, David Jensen, aliutoa moyo wa samaki huyo mwilini na kuujaza umajimaji kwa vipimo. Shinikizo la umajimaji uliokuwa ukiingia lilipoongezwa, moyo ulipiga kwa nguvu zaidi na kwa haraka zaidi. Lilipopunguzwa, moyo nao ulitulia. Hapakuwa na ubongo wala neva. Hata mwili wenyewe haukuwapo.

Hili ndilo jibu ambalo binti yule alistahili kupewa. Moyo hauhitaji kuambiwa kwamba damu imeongezeka, kwa sababu damu yenyewe ikiingia kwa wingi huzisukuma kuta za moyo na kuzinyoosha. Nyuzi za misuli zilizonyooshwa kiasi hujipanga vizuri zaidi kwa kazi ya kuvutana, tena huitikia kalisi kwa wepesi zaidi, basi pigo linalofuata huwa na nguvu kuliko lililotangulia. Na katika hagifishi zile seli zinazoanzisha mapigo nazo hunyooshwa, zikaharakisha mwendo. Mjumbe na ujumbe ni kitu kimoja.

Walimu wengi hulieleza jambo hili kwa mfano wa manati: ukivuta mpira zaidi, jiwe huenda mbali zaidi. Mfano huu unasaidia siku ya kwanza, lakini usiachwe ukae hadi siku ya pili. Mpira wa manati hurudisha tu nguvu ambazo mkono wako umeutia. Msuli wa moyo hutumia nguvu zake wenyewe zitokanazo na chakula. Kule kunyooshwa huuwezesha kuzitoa kwa wingi zaidi. Nimesahihisha majibu mengi ya mtihani ambamo moyo ulikuwa umegeuzwa mpira mtupu, na kosa lilikuwa langu mimi niliyewafundisha hivyo.

Tabia hii haikugunduliwa kwanza kwa hagifishi. Mjerumani Otto Frank aliieleza mwaka 1895 kutokana na moyo wa chura, naye Mwingereza Ernest Starling pamoja na wenzake wakaithibitisha mwaka 1914 kwa moyo wa mbwa. Vitabu huiita sheria ya Starling. Wanafunzi wa udaktari huikariri, aghalabu bila kuonyeshwa kwa nini mwili usingeishi hata siku moja bila sheria hiyo. Hebu tupige hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaiweza. Upande wa kulia wa moyo wetu hupeleka damu mapafuni, na upande wa kushoto huipeleka mwilini. Tuseme kila pigo hutoa mililita 70, na moyo hupiga mara 70 kwa dakika. Sasa tuseme upande wa kulia unatoa mililita 71, yaani umeuzidi wa kushoto kwa mililita moja tu. Kwa dakika moja mililita 70 za damu zitakuwa zimerundikana mapafuni. Kwa saa moja zitakuwa mililita 4,200, yaani zaidi ya lita nne, na mtu mzima ana kama lita tano za damu mwilini mwake kote. Angezama katika damu yake mwenyewe kabla ya chakula cha mchana.

Mbona hatuzami? Kwa sababu damu ikizidi kidogo mapafuni, shinikizo lake huongezeka, upande wa kushoto hujaa zaidi, hunyooka zaidi, na pigo lake lifuatalo hutoa zaidi. Hesabu husawazishwa papo hapo, pigo kwa pigo, bila ubongo kuarifiwa. Waama, huo moyo wa samaki tuliyemwita duni uko ndani ya vifua vyetu, na ndio unaotuweka hai. Neva zetu zina kazi kubwa, hasa tunapokimbia au kushtuka, lakini zimejengwa juu ya msingi huo.

Anayetaka ushahidi na autazame moyo uliopandikizwa. Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard alimtia Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Washkansky aliishi siku 18, kisha akafa kwa ugonjwa wa mapafu, lakini moyo aliopewa ulifanya kazi. Tangu wakati huo maelfu ya watu duniani wamepata mioyo kwa njia hiyo na wengine wameishi miaka mingi. Mpasuaji anapoukata moyo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, neva zote hukatika, wala hakuna namna ya kuzishona tena. Hivyo basi mgonjwa huamka akiwa na moyo ambao, kwa kipindi kirefu, hauna mawasiliano na ubongo wake. Akiwa amelala kitandani, moyo wake mara nyingi hupiga zaidi ya 90 kwa dakika, kwa kuwa vagasi haiwezi tena kuutuliza. Akianza kupanda ngazi hauharakishi mara moja kama wetu. Kwanza misuli ya miguu huikamua damu na kuirudisha kifuani, moyo hujaa, hunyooka, hupiga kwa nguvu zaidi. Baada ya dakika chache adrenalini iliyomo katika damu huufikia, na hapo mapigo huongezeka. Madaktari waliosoma habari za hagifishi hawakustaajabu sana.

Nami nina sababu yangu mwenyewe ya kuandika haya sasa. Mwaka juzi miguu yangu ilianza kuvimba jioni, na usiku nikawa siwezi kulala bila mito mitatu. Nilidhani ni uzee. Katika zahanati niliyokwenda kwanza niliambiwa nina "presha", neno ambalo kwetu limekuwa jina la ugonjwa, kana kwamba kuna mtu anayeishi bila shinikizo la damu. Nikapewa vidonge nikarudi nyumbani. Miezi miwili baadaye, katika hospitali nyingine, daktari kijana alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akanipiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kisha akavuta kiti.

"Mwalimu," aliniambia, kwa maana alikuwa amekwisha niuliza kazi yangu, "moyo wako umepanuka. Ukiletewa damu zaidi hauwezi tena kujibu kama zamani. Damu inarudi nyuma, maji yanavuja mapafuni na miguuni. Nitakupa dawa ya kukufanya ukojoe, ili tupunguze kile kinachoujaza."

Nilikaa kimya kwa muda. Alidhani nimeogopa, na kweli niliogopa. Lakini pia nilikuwa nikimwona binti wa mwaka 1994 amesimama kando ya dawati lake. Daktari huyu alikuwa akinitibu kwa jibu la swali lile lile. Laiti ningalilitafuta jibu siku ile, ningaliijua maana ya miguu iliyovimba miezi miwili kabla, na wanafunzi wangu mia kadhaa wa miaka iliyofuata wangaliijua pia, kwa ajili ya wazazi wao na kwa ajili yao wenyewe. Silabasi yetu ilikuwa na nafasi ya majina ya vali na mishipa yote. Nafasi ya kueleza jinsi moyo unavyoitikia kinachouingia haikupatikana, nami sikuitafuta.

Sasa nirudi kwenye samaki, maana hatuna haja ya kusafiri hadi California. Katika Ziwa Victoria na vinamasi vyake tuna kamongo, samaki mwenye matamvua na mapafu. Ndugu zetu Waganda humwita mmamba, na wana ukoo mzima wenye jina hilo. Mwaka 1928 mwanasayansi Mmarekani Homer Smith alifunga safari hadi Kisumu kumtafuta, kwa kuwa alitaka kujua figo za samaki huyu hufanyaje kazi anapojizika katika matope makavu. Kitabu alichokitoa mwaka 1932 alikiita kwa jina hilo hilo, Kamongo. Ni wanafunzi wangapi wa Kisumu, Homa Bay au Busia wanaolijua hilo? Mimi mwenyewe nilimla kamongo kwa miaka mingi kabla ya kumsoma.

Moyo wa kamongo ni somo la shinikizo peke yake. Chumba chake cha juu kimegawanyika nusunusu, na katika mshipa unaotoka moyoni mna mkunjo uliojiviringa unaosaidia kuitenga damu itokayo mapafuni na ile itokayo mwilini, hata bila ukuta kamili. Mnorwe Kjell Johansen na wenzake waliochunguza jamii hii ya samaki katika miaka ya 1960 waliona kwamba kamongo anapopanda juu ya maji na kuvuta pumzi, damu nyingi zaidi huelekezwa mapafuni. Muda ukipita kabla ya pumzi nyingine, mgawo huo hupungua. Anapojizika matopeni wakati wa kiangazi, shinikizo la damu yake hushuka na moyo hupunguza mapigo, akasubiri mvua kwa miezi mingi. Tena, ndani ya kuta za moyo wake, kama katika moyo wa hagifishi, mna seli zinazohifadhi kemikali za jamii ya adrenalini. Ghala la dawa limo ndani ya mtambo wenyewe.

Sasa mwalimu mwenzangu na aniambie: kamongo tumweke kwenye kidato kipi cha ile ngazi? Tukifuata vyumba vya moyo, hayuko kwa samaki wala hayuko kwa chura. Tukifuata nasaba, kamongo ana undugu wa karibu zaidi nasi binadamu kuliko alio nao na ngege au mbuta walio kwenye ndoo moja naye sokoni. Ngazi imevunjika mikononi mwetu.

Hagifishi naye anaivunja kwa upande mwingine. Nilikuwa nikidhani kwamba moyo wake hauna neva kwa sababu umebaki nyuma, kama mtoto asiyehitimu. Lakini ana binamu, lampirei, samaki mwingine asiye na taya, ambaye moyo wake unazo neva za vagasi. Ajabu ni kwamba neva hizo zikisisimuliwa huuharakisha moyo wa lampirei, kinyume cha zinavyofanya kwetu. Uchunguzi wa chembe za urithi umewafanya wataalamu wengi kuwaweka hagifishi na lampirei katika ukoo mmoja. Ikiwa ndivyo, huenda mababu wa hagifishi walikuwa na neva za moyo wakaziacha njiani kwa kuwa hawakuzihitaji tena. Na kwa nini wazihitaji? Mwaka 2011 wachunguzi walichapisha taarifa kwamba hagifishi wa Pasifiki waliishi saa 36 katika maji yasiyo na oksijeni, na mioyo yao ikaendelea kupiga. Moyo wangu, pamoja na vyumba vyake vinne na neva zake zote, ungekufa kwa dakika chache.

Ndiyo maana nasema neno "duni" litoke madarasani. Tukisema "samaki wa kale" tunataja umri wa ukoo, nao ni ukweli unaoweza kupimwa. Tukisema "samaki duni" tunatoa hukumu, na mwanafunzi akishasikia hukumu haoni sababu ya kuuliza. Naijua hoja ya wenzangu kwamba muda ni mfupi, madarasa yamejaa, na mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya ule wa 8-4-4 umewaletea makaratasi mengi ya kujaza. Yote ni kweli. Lakini hesabu ile ya mililita moja huchukua dakika tano ubaoni, na haigharimu hata senti.

Kwa mwenye nusu saa, kuna zaidi. Moyo wa ngege aliyevuliwa sasa hivi, ukitolewa kwa uangalifu na kuwekwa ndani ya maji yenye chumvi kidogo, huweza kuendelea kupiga kwa dakika kadhaa, mbali na ubongo, mbali na neva. Wavuvi wanalijua jambo hili tangu utotoni. Boti hufika ufukweni alfajiri, na wanawake wanaopasua samaki hutupa matumbo kando, moyo ukiwamo. Mwalimu anayekaa karibu na ziwa afike kabla jua halijapanda, akiwa na chupa yenye mdomo mpana.